Mstari wa Arobaini na Saba

Morogoro mjini,
14 Agosti 2023

Mjomba wangu Gabrieli,

Shikamoo. Kuna sauti imenikaa masikioni tangu Alhamisi, na kwa kuwa wewe masikio yako yameziba, nitakueleza kwa kalamu. Unamkumbuka Bi Mwanaheri, mpangaji wa mama mdogo Winfrida pale Mwembesongo, yule muuza maandazi. Kila asubuhi akishaepua ya kwanza, hugonga karai kwa upawa mara tatu. Ngaa, ngaa, ngaa. Kichochoro kizima hutoka na vibakuli. Alhamisi aligonga nikiwa nimeshika ncha ya futi kwenye ukuta wa chumba chake, na futi ikanitetemekea mkononi. Akacheka: "Pima na harufu, mwanangu, isije ikabaki bure."

Mimi sijambo. Mama mdogo miguu inavimba kidogo, lakini anatembea. Anakusalimu na kuuliza kama yale maharage mekundu yameiva. Kaburi la mama nililipalilia kabla ya sikukuu ya Bikira Maria, msalaba umeinama kidogo upande wa mlimani.

Sasa kazi. Nilikwambia nimepata nafasi ya uthamini katika Jumuiya ya Mto Kilongwe. Watu wengi wanaichanganya na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye umeme. Hii ni nyingine. Wenye nyumba wa kandokando ya mto wamekubaliana, kwa majaribio ya miaka mitatu, kila nyumba ithaminiwe: ukubwa wa paa, aina ya ukuta, umbali kutoka mtaroni. Paa kubwa humwaga maji mengi, kwa hiyo huchangia zaidi. Tozo hiyo ndiyo inayolipa vibarua wa kuchimbua mchanga mitaroni kabla ya mvua, kujenga kuta za mawe kwenye kona, na kununua miche ya mikangazi ya kupanda huko kwenu juu mto unakoanzia. Mimi ndiye ninayepita na futi na daftari.

Nyumba yetu ni mstari wa arobaini na saba. Nimejaza kila safu isipokuwa moja: jina la mmiliki. Mama alijenga, mama amefariki. Mama mdogo anakaa. Nilipomuuliza akafuta mikono kwenye kanga akasema, "Hilo la mjomba wako." Basi nakuuliza wewe. Niandike jina la nani?

Barua hii anakuletea Twalibu wa bodaboda, anapanda kuchukua matenga ya karoti.

Mpwa wako,
Devotha


Kilongwe Juu,
3 Septemba 2023

Mpwa wangu Devotha,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mwandiko wako umekuwa mzuri kuliko wa padri. Hapa tu wazima. Maharage yameiva, nampa Twalibu debe moja. Karoti bei imeanguka. Raphael wangu amerudi kutoka Dakawa, kilimo cha mpunga kimemshinda, anasema maji ya mfereji wanagawiana kwa ugomvi. Yuko hapa na mke na watoto wawili, wanalala chumba kile cha kuwekea mbegu.

Kuhusu msalaba wa dada yangu, unyooshe, utie mawe chini.

Kuhusu daftari lenu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo wakati watu wa serikali ya kikoloni walipokuja na kamba kuipima milima hii, wakatulazimisha matuta. Wazee walikataa. Tangu hapo, mtu akija na futi, mimi huuliza kwanza anataka nini. Sisemi wewe ni mtu huyo. Lakini wewe umesoma, unajua karatasi. Nyumba ile ni ya ukoo. Sisi ni tombo moja, watu walionyonya ziwa la mama mmoja, na mali ya tombo haina mtu mmoja. Likiandikwa jina la mtu mmoja, kesho imekuwa ya mtu mmoja.

Ngoja kikao. Tutakaa tukishavuna.

Mimi mjomba wako,
Gabrieli


Morogoro mjini,
22 Oktoba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa maharage. Mama mdogo alipika sufuria nzima siku hiyohiyo, akampelekea Bi Mwanaheri bakuli, Bi Mwanaheri akarudisha bakuli na maandazi sita ndani, kama kawaida yao, hawarudishiani chombo kitupu. Mgongo wa mama mdogo unamsumbua. Mimi nimekonda, wanasema. Nalala vizuri.

Umevuna, Twalibu amenieleza. Kikao sijakisikia.

Mjomba, naomba unielewe, nitaandika polepole. Daftari linafungwa tarehe thelathini mwezi ujao. Vibarua hawafuati macho yao, hufuata daftari. Mstari usio na mmiliki hauthaminiwi, na mtaro ulio mbele ya nyumba isiyothaminiwa hauingii kwenye orodha ya kuchimbuliwa. Ndiyo kanuni. Waliiweka ili watu wasikwepe. Na nyumba yetu iko pale kwenye kona. Mtaro unakata kulia chini ya ukuta wa chumba cha uani, chumba cha Bi Mwanaheri, na mchanga wote unaoletwa na mto hukaa pale. Nimechomeka kijiti: mchanga umebakiza nafasi ya shubiri moja tu.

Mwenzangu wa ofisini, Shamimu, aliniona nimeukodolea ule mstari macho.

"Devo, andika jina lolote."

"Siwezi. Ni la ukoo."

"Andika basi Ukoo bin Ukoo," akasema, akacheka hadi miwani ikamdondoka. Kisha akaona sicheki. "Wewe nawe. Kwetu baba akifa tunajua Jumatatu nani kachukua nini. Nyie Waluguru mnamsubiri mjomba ateremke na mvua."

Siwezi kusema amekosea. Mali inapita kwa mama, na jina linamsubiri mjomba. Tombo letu lina wanawake wawili tu waliobaki, mama mdogo na mimi. Sioni ugumu uko wapi. Kama kuna ugumu nisioujua, niambie.

Devotha


Kilongwe Juu,
12 Novemba 2023

Mpwa wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imenifikia Jumatano, Twalibu aliharibikiwa na tairi. Mvua za kwanza zimegusa. Mke wa Raphael ana mimba ya tatu. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Nimesikia, yaani nimeandikiwa ubaoni na watoto wa shule, kwamba Padri anahamishwa. Parachichi mwaka huu ni nyingi mpaka nguruwe wamezichoka.

Raphael ni kijana mwenye bidii. Watu hawamwelewi. Huku hana shamba, maana ardhi hii ni ya dada zangu na mimi naishikilia tu, wewe unajua.

Kuhusu ule mstari, uache mtupu. Nafasi tupu haimdhulumu mtu. Kikao ni baada ya Noeli, watu wote wakiwa wamepanda.

Usiniandikie habari za Shamimu. Ukoo wake una taratibu zake.

Gabrieli


Morogoro mjini,
10 Desemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa mapacha wa mbuzi. Mama mdogo ana mafua.

Mstari niliuacha mtupu, kama ulivyosema.

Vibarua walipita kichochoro chetu Jumanne. Walianza nyumba ya arobaini na moja. Kazi yao ni nzuri, nisiseme uongo. Mchanga mweusi ulitoka na viatu vya watoto, na chupa, na mlango mzima wa friji. Walipomaliza arobaini na sita, msimamizi akafungua karatasi, akaikunja, wakabeba machepe yao begani wakapita mbele ya nyumba yetu kama watu wanaopita msibani wasikojuana na mtu, wakaanza tena arobaini na nane. Mtaro sasa ni safi juu na safi chini, na katikati kuna kizibo.

Bi Mwanaheri alisimama mlangoni na upawa wake akawatazama. Aliniuliza kitu. Nikamjibu.

Heri ya Noeli kwenu nyote.

Devotha


Kilongwe Juu,
15 Januari 2024

Mpwa wangu Devotha,

Tumsifu Yesu Kristo. Heri ya mwaka mpya. Sijui barua hii itakufikia lini. Barabara imekatika pale kwenye migomba ya misheni, na Twalibu yuko upande wa pili, watu wanapungiana mikono tu.

Mimi mto siusikii, nautazama. Lile jiwe ambalo mama yako alikuwa akifulia nguo limefunikwa tangu jana asubuhi. Maji ni mekundu, yamebeba migomba na mizizi yake. Sijayaona hivi tangu ninyi mkiwa wadogo. Mwambie Winfrida na yule mama wa maandazi wasilale kwenye nyumba ile. Waende kwa watu walio juu.

Mikangazi mliyotuletea tulipanda. Miche michache. Pale kando ya maji Raphael alikuwa ameshalima tangawizi, sikumkataza. Tangawizi imekwenda, na udongo wake.

Na lile jina. Nimelifikiria mwezi mzima, na sina haja ya kikao. Andika Raphael. Najua yeye si wa tombo letu, mtoto wa mwanamume hufuata ukoo wa mama yake. Lakini ni mwanangu, na analala juu ya magunia ya mbegu. Wewe utaolewa, utapata kwenu. Winfrida hana mtoto. Tusifanye kelele, wewe ndiye mwenye kalamu.

Mjomba wako,
Gabrieli


Morogoro mjini,
11 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Barua yako ya tarehe kumi na tano Januari nimeipokea jana, tarehe kumi Februari. Twalibu aliificha ndani ya koti ili isilowe. Imefika kavu kabisa.

Mama mdogo ni mzima. Amelazwa siku nne kwa homa ya mapafu, sasa yuko kwenye chumba ninachopanga, analala kitandani kwangu nami nalala chini. Habari nyingine za nyumbani sina.

Maji yalikuja tarehe kumi na nane Januari, alfajiri, baada ya adhana ya kwanza. Mama mdogo alikuwa macho, anasema rozari. Alisikia karai. Ngaa. Kisha kimya. Ngaa. Akasema moyoni, leo Bi Mwanaheri kawahi. Akamaliza fungu la rozari alilokuwa anasali. Karai likagonga tena, si mara tatu kama desturi, mara nyingi, polepole, kama mtu mwenye adabu anayebisha hodi. Akachukua bakuli. Nakwambia kama alivyoniambia: alichukua bakuli, akafungua mlango wa uani, na maji yakamwingia hadi kiunoni.

Karai lilikuwa linaelea ndani ya chumba kilichofungwa, mjomba. Maji yalikuwa yanalisukuma mlangoni.

Ukuta wa upande wa mtaro ulikuwa umeingia ndani. Majirani walivunja mlango. Bi Mwanaheri walimzika siku hiyohiyo alasiri, kwa sababu ndivyo dini yao, na kwa sababu wanawe wako mbali mno kusubiriwa. Nilikuwepo, nyuma, na wanawake. Kichochoro kizima kilikuwepo. Nyumba ya arobaini na sita maji yalifika kizingitini. Arobaini na nane hawakulowa hata mkeka.

Nilikuandikia Desemba kwamba aliniuliza kitu, nikamjibu. Sikukwambia ni nini. Aliniuliza, "Na hapa kwetu watakuja lini?" Nilikuwa na daftari kwapani. Nilijua hawaji. Nikasema, "Watakuja, Bi. Wiki ijayo." Akaingia ndani akanitolea andazi. Nililila nikitembea kurudi ofisini. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, mjomba, kuliko mambo yako na ya Raphael. Wewe uliniambia niache nafasi tupu. Lakini yule mama hukumwona. Mimi nilimwona, nikamdanganya ili nisimweleze mambo ya ukoo wetu mlangoni kwake.

Sasa nauliza. Miezi mitano ulikuwa unangoja kikao, au ulikuwa unangoja nichoke?

Devotha


Kilongwe Juu,
10 Machi 2024

Mpwa wangu Devotha,

Tumsifu Yesu Kristo. Poleni. Nimewapa watu wa huku habari, tumemwombea marehemu kanisani ingawa hakuwa wa dini yetu, na Padri mpya hakukataa. Namtuma Twalibu na gunia la viazi kwa ajili ya Winfrida. Mke wa Raphael amejifungua salama, mtoto wa kike.

Nimekaa na barua yako majuma kadhaa. Mkono ulikuwa unauma.

Mimi karai hilo sikuwahi kulisikia. Siku zote nikija mjini namwona yule mama anainua upawa na watu wanatoka majumbani, nikidhani ni kwa kumwona. Niandikie, sauti yake ilikuwa nene au nyembamba?

Mimi ni mzee. Mtu hutaka kuacha kitu. Shamba si langu, nyumba si yangu, niliyoyashikilia yote ni ya dada zangu na watoto wao. Siku moja utakuwa na mtoto, utanielewa, au usinielewe.

Kikao kipo. Jumapili ya pili ya Pasaka, hapa kwangu. Nitawaita wazee wa upande wa bibi yako. Usiguse daftari kabla ya hapo. Nakuomba, sikuamuru.

Gabrieli


Morogoro mjini,
27 Machi 2024

Mjomba wangu Gabrieli,

Shikamoo. Leo ni Jumatano Kuu. Mama mdogo anaendelea vizuri, viazi vimefika, vitatu tu vilikuwa vimeoza. Mpongeze mke wa Raphael. Huyo mtoto ana ukoo wake kwa mama yake, namtakia ardhi huko.

Umeniuliza sauti. Ilikuwa nyembamba mwanzoni, kisha nene, ikikawia kuisha. Ukiweka kiganja kwenye kengele ya kanisa wakati inapigwa, ni kama hivyo.

Kikao mtakaa, sikatai. Lakini sitaki mkae mkidhani jambo bado liko mikononi mwenu, kwa hiyo nakuandikia niliyokwisha kuyafanya, kwa mpangilio wake.

Tarehe kumi na nane mwezi huu nilikwenda mbele ya kamati ya Jumuiya. Niliwaambia mstari wa arobaini na saba uliachwa mtupu na mimi, kwa kujua, na kwa nini. Mwenyekiti aliniambia niketi. Nilisema nitasimama. Mzee mmoja akauliza, "Binti, ulikuwa unaficha nyumba ya kwenu isitozwe?" Nikamjibu kwamba afadhali ingekuwa hivyo, tamaa ingeeleweka. Nilimwambia nilikuwa naona haya. Wakaandika. Sasa kuna kipengele kipya kwenye kanuni: mtaro utachimbuliwa wote, nyumba iwe na jina au isiwe nalo, na jina litatafutwa baadaye. Kumbe lilikuwa jambo la dakika kumi. Hakuna aliyewahi kuwauliza, maana mimi niliyejua nilikuwa nakuandikia wewe.

Kazi nimeiacha siku hiyohiyo. Shamimu amechukua futi. Alilia, kisha akaniambia nina kichwa kigumu kama cha punda wa Dakawa, kisha akanipa nauli.

Alhamisi nilirudi ofisini, Shamimu akanifungulia daftari, nikaandika jina. Nimeandika langu. Mama mdogo alikuwepo, ameweka dole gumba kuwa anakubali, na yeye nimemwandika chini yangu kuwa mkazi mpaka mwisho wa maisha yake. Najua watakavyosema, kwamba nimengoja maji yamwondoe mtu ili nijipe nyumba. Pengine wewe utasema. Sikuandika Raphael kwa sababu si nyumba yake, na sikuandika Winfrida kwa sababu jina lililo kwenye mstari ndilo litakaloitwa mtaro ukiziba tena, na mimi sitaki mtu mwingine aitikie.

Kama mwenye nyumba, nilikuwa na haki ya kutia sahihi moja zaidi, nikaitia. Chumba cha uani kilijengwa juu ya njia ya maji. Mama alikiongeza mwaka wa mwisho wa uhai wake, ili apate kodi ya kunilipia ada ya chuo Mzumbe. Nilikipima mwenyewe Agosti iliyopita, nikakithamini vizuri, ukuta wa tofali, bati jipya, na sikujiuliza kinakalia nini. Jumatatu vibarua walikuja, walewale waliotupita. Msimamizi hakunitazama usoni. Nilishika nyundo ya kwanza. Mpaka saa kumi jioni ukuta wa mwisho ulikuwa chini, na jana wamechimba kona yote, upana wa hatua tatu, wakaifunga kwa mawe ndani ya nyavu za waya. Nyumba imepungua thamani, Shamimu ameipima upya. Chumba cha kupangisha hakuna. Cha kumpa mtu pia hakuna.

Karai nimewapelekea wanawe kwa basi, safari ya siku mbili. Nilitaka kulibakiza. Sikuona kwa haki gani.

Huko juu mmebaki na kazi moja, na hiyo siwezi kukufanyia kutoka hapa. Pale tangawizi ilipokuwa, pandeni mikangazi.

Nitakuja siku ya kikao kama nikialikwa, nitapiga magoti, nitasalimia wazee wote kwa zamu. Mtakapofika kwenye habari ya nyumba, waambie mapema wasipoteze muda: jina limeandikwa, na chumba hakipo. Maji yamepita hapo jana usiku, mvua kubwa, na asubuhi nimekuta mchanga kidogo tu kwenye kona. Nimeutoa mwenyewe kwa chepe.

Mpwa wako,
Devotha